Kabla ya Kupima Goti, Muulize Kijana Aliumia Lini

Mazungumzo kwa walimu wa michezo, wazazi na wachezaji wa mpira wa kikapu, Takaba, Kaunti Ndogo ya Mandera Magharibi



Mashindano ya shule za sekondari nchini Kenya hupanda ngazi kwa haraka. Timu ikishinda kwenye zoni huenda kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha kanda ya Kaskazini Mashariki inayokutanisha Mandera, Wajir na Garissa, na ikijaliwa hufika taifa. Katika kila ngazi mechi hubanwa ndani ya siku chache. Kikosi cha mpira wa kikapu huwa na wachezaji 12, watano wakiwa uwanjani, lakini timu ya shule ndogo huenda ikawa na sita au saba tu wanaotegemewa kweli. Mmoja akikaa benchi, pengo lake linaonekana na kila mtu.

Hapo ndipo uongo mdogo unapoanza. Kijana aliyeteguka kifundo cha mguu kwenye mechi ya zoni husema, "Niko sawa, mwalimu." Hukifunga kwa kitambaa, hukaza kamba za kiatu, akaingia uwanjani. Mguu ukivimba usiku, huuficha chini ya shuka. Hakuna anayeandika popote kwamba siku ile aliumia. Muhula unaofuata anateguka mguu uleule, na safari hii anaambiwa ana bahati mbaya. Wengine watasema ni kijicho.

Mazungumzo haya ni kuhusu mambo mawili yanayoweza kupunguza bahati mbaya ya namna hiyo: kupima miondoko ya mwili wa mchezaji kabla ya msimu, na kuweka kumbukumbu ya maumivu aliyowahi kupata. Mara nyingi jambo la kwanza ndilo hupendwa, kwa kuwa lina fimbo, kamba na alama za kuandika. La pili ni swali na daftari tu. Hata hivyo, ukipima kwa ushahidi uliopo, daftari lina uzito zaidi.

Kwanza, kwa nini mpira wa kikapu. Wengi hudhani ni mchezo mpole kwa sababu hauruhusu kusukumana kama kandanda. Lakini mchezaji huruka mara nyingi katika mechi moja, na kila anayeruka lazima atue. Hutua kwa mguu mmoja, au juu ya kiatu cha mwenzake waliyekuwa wakigombea mpira chini ya kikapu, na kifundo kikapinda kwa ndani. Huko Australia watafiti waliwafuatilia wachezaji wa viwango mbalimbali, zaidi ya mara 10,000 za mtu kuingia uwanjani, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2001. Karibu nusu ya majeraha ya kifundo yalitokea wakati wa kutua. Zaidi ya nusu ya walioumia hawakwenda kwa mtaalamu yeyote, na hiyo ni nchi yenye kliniki kila mtaa. Uwanja ukiwa wa saruji iliyopasuka, au wa udongo mgumu wenye kokoto, kutua kunakuwa kugumu zaidi, na viatu vilivyokwisha soli haviokoi mtu.

Baada ya kifundo huja goti. Jeraha la goti ni adimu kuliko la kifundo lakini gharama yake ni kubwa: kano kuu la ndani ya goti likikatika, kijana anaweza kukaa nje miezi tisa au zaidi, na mara nyingine huhitaji upasuaji ambao utamtoa Mandera kabisa.

Sasa vipimo. Kipimo cha miondoko kinachojulikana zaidi duniani kilibuniwa Marekani na Gray Cook na Lee Burton katika miaka ya 1990. Kina miondoko saba. Mchezaji huchuchumaa hadi chini akiwa ameinua fimbo juu ya kichwa. Huvuka kamba iliyofungwa chini kidogo ya goti bila kuigusa. Hupiga hatua ndefu na kushuka, miguu yote ikiwa kwenye mstari mmoja. Hujaribu kukutanisha ngumi mbili mgongoni, moja ikipita juu ya bega na nyingine ikitokea chini. Hulala chali na kuinua mguu mmoja ulionyooka. Hujisukuma kutoka ardhini mwili ukiwa umekakamaa kama ubao. Mwisho, akiwa amepiga magoti na mikono yake iko chini, hunyoosha mkono na mguu bila kuyumba. Kila mwondoko hupewa alama 3 ukifanywa vizuri, 2 ukifanywa kwa kujisaidia kidogo, 1 ukishindikana. Akisikia maumivu hupewa 0, hata kama ameufanya kwa ustadi. Jumla ya juu kabisa ni 21.

Mwaka 2007 ilichapishwa taarifa kuhusu wachezaji 46 wa timu moja ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani. Waliopata alama 14 au chini yake waliumia zaidi msimu ule. Tangu hapo namba 14 ikasafiri dunia nzima, ikaingia shule na vyuo, na makocha wengi wakaichukua kama mpaka kati ya mzima na mgonjwa. Wachache walikumbuka kwamba wale 46 walikuwa wanaume wazima wenye miili mikubwa, wanaocheza mchezo wa kugongana, na kwamba hata kwao kipimo kiliwakamata kama nusu tu ya walioumia vibaya. Nusu nyingine walikuwa na alama nzuri na bado wakaumia.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2017, makundi mawili ya watafiti yalikusanya tafiti zilizokuwa zimefanywa. Kundi moja liliona kwamba wenye alama za chini huumia zaidi kuliko wenzao. Jingine, lililochunguza pia ubora wa tafiti zenyewe, likasema ushahidi hautoshi kukitumia kipimo hiki kutabiri nani ataumia. Roald Bahr, daktari wa michezo wa Oslo nchini Norway, alikuwa ameandika mwaka 2016 kwa maneno makali zaidi: vipimo vya kutabiri majeraha havifanyi kazi, na huenda visifanye kazi kamwe. Hoja yake ni rahisi kueleweka. Ukiwapanga walioumia na wasioumia kwa alama zao, makundi hayo mawili hupishana sana katikati. Popote utakapochora mstari, utawaacha wengi watakaoumia upande wa salama, na utawatia hofu wengi ambao hawataumia.

Jambo hili si geni kwa watu wa Takaba. Mfugaji hanunui ngamia kwa kumtazama akitembea sokoni tu. Huuliza ametoka wapi, amezaa mara ngapi, amewahi kuugua nini, na kwa nini anauzwa. Mwendo unaonyesha leo. Historia inaonyesha kilichokwisha kutokea ndani, mahali jicho halifiki.

Je, kipimo kitupwe? Hapana. Kina faida mbili. Ya kwanza ni ile alama ya 0. Mtoto ambaye hajawahi kumwambia mtu kwamba goti lake linauma atakunja uso akichuchumaa, na mwalimu aliye makini atauliza. Maumivu hayo yanahitaji kuangaliwa na mtu wa afya hata kama jumla yake ni 18. Ya pili ni kwamba mwalimu anajifunza kuitazama miili ya wanafunzi wake: nani magoti yake yanaingia ndani anapochuchumaa, nani hawezi kusimama kwa mguu wa kushoto. Hayo yanampa kitu cha kufundisha. Hayampi haki ya kumwambia mtoto, "Wewe utaumia."

Kwa mpira wa kikapu hasa kuna kipimo kingine chenye ushahidi wa karibu zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwapima wachezaji 235 wa mpira wa kikapu wa shule za sekondari huko Marekani, wavulana na wasichana, kabla ya msimu kuanza. Mchezaji husimama kwa mguu mmoja na kuufikisha mguu mwingine mbali iwezekanavyo katika pande tatu: mbele, nyuma upande wa ndani na nyuma upande wa nje, bila kupoteza mizani. Wale ambao tofauti kati ya mguu wa kulia na wa kushoto kwa upande wa mbele ilizidi sentimita 4 walikuwa na uwezekano wa kuumia mguu mara 2.5 kuliko wenzao. Kwa wasichana, waliofikisha chini ya asilimia 94 ya urefu wa mguu wao, kwa wastani wa pande zote tatu, uwezekano ulikuwa mara 6.5.

Kipimo hiki hakihitaji mashine. Chora mistari mitatu kwa chaki kwenye saruji, au bandika utepe sakafuni darasani. Pima kwa futi ya fundi cherehani. Mchezaji avue viatu, ajaribu mara kadhaa kwanza apate kuzoea, kisha mara tatu za kuandikwa kwa kila mguu, na ichukuliwe iliyo ndefu zaidi. Urefu wa mguu hupimwa akiwa amelala chali, kutoka kwenye mfupa wa nyonga unaojitokeza mbele hadi kwenye jicho la ndani la kifundo. Ifanyike asubuhi kabla ya jua kuwa kali, au baada ya alasiri, kijana akiwa hajachoka. Mwezi wa Ramadhani haufai, maana mtu mwenye kiu huyumba hata akiwa mzima. Na zile sentimita 4 zichukuliwe kama sababu ya kumfanyisha mazoezi ya mizani. Si hukumu.

Twende kwenye daftari.

Katika utafiti ule wa Australia, jambo lililojitokeza kuliko yote lilikuwa hili: mchezaji aliyewahi kuumia kifundo alikuwa na uwezekano wa karibu mara tano wa kuumia tena.  Sababu zinajulikana. Kano, zile nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa, zikivutwa sana hupona zikiwa zimelegea. Ndani ya kano na misuli kuna hisia inayouambia ubongo mguu umekaa vipi bila kuutazama, na hisia hiyo huharibika pamoja nazo. Uvimbe huisha baada ya wiki mbili na kijana anahisi amepona, lakini ile hisia bado haijarudi. Anaruka, anatua, mguu unachelewa kujirekebisha kwa sehemu ndogo ya sekunde, na kifundo kinapinda tena. Kinachomrudisha chini ni ile safari ya kwanza ambayo haikumalizwa kutibiwa.

Kuuliza kunahitaji ustadi. Neno "jeraha" kwa watu wengi ni kidonda chenye damu. Ukimuuliza mwanafunzi, "Umewahi kupata jeraha?" atajitazama ngozi na kujibu hapana, hata kama mwaka jana alichechemea mwezi mzima. Maswali yanayofanya kazi ni ya matukio. Tangu msimu uliopita, kuna siku ulishindwa kufanya mazoezi kwa sababu ya maumivu? Mguu gani? Ulikuwa unafanya nini ulipoanza kuuma? Siku ile uliweza kutembea kurudi nyumbani? Ulikaa siku ngapi? Nani alikutibu? Sasa hivi, ukiruka kwa mguu huo peke yake, unauamini? Swali la mwisho hutoa mengi. Kijana atakayesita kabla ya kujibu ameshajibu.

Aulizwe kwa lugha anayoiota. Kama ni Kisomali, iwe Kisomali, na yaandikwe baadaye kwa Kiswahili au Kiingereza. Aulizwe peke yake, kando kidogo mahali wanapoonekana lakini wasisikike, kwa kuwa mbele ya wenzake kila mchezaji ni chuma. Na swali la nani alimtibu lisiulizwe kwa dharau. Familia nyingi za kaskazini humpeleka mtoto kwanza kwa mzee anayejua kunyoosha mifupa, naye huwa karibu kuliko hospitali. Mtoto akihisi mama yake anachekwa, hatasema tena. Kinachotakiwa kujulikana ni kama mguu ulivutwa au kukandwa kwa nguvu, kama ulifungwa vijiti, kwa siku ngapi, na kama ganzi au baridi ya vidole ilijitokeza. Dalili hiyo ya mwisho ikiwapo hata leo, ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Ipo hatari moja kubwa, na inafaa isemwe waziwazi kwa walimu. Daftari likitumiwa kuwaondoa wachezaji kwenye kikosi, litakufa wiki ya kwanza. Mwanafunzi mmoja akisema ukweli na jina lake likakatwa usiku wa kuamkia safari, hakuna mwingine atakayesema ukweli katika shule hiyo kwa miaka mitatu. Maumivu yatarudi chini ya shuka. Kwa hiyo maswali yaulizwe mwanzoni mwa muhula, mbali na siku ya kuchagua timu, na mwanafunzi aambiwe tangu mwanzo kitakachofanyika na majibu yake: atapewa mazoezi ya ziada, au ataangaliwa na mtu wa afya, au ataanza msimu taratibu. Kocha anayetaka kushinda hatapoteza chochote. Mchezaji aliyejulikana ana kifundo kibovu mwezi wa kwanza anaweza kuwa tayari kabla ya mechi za kaunti. Aliyeficha huanguka huko huko.

Daftari lenyewe ni la mwanafunzi na mzazi wake kabla ya kuwa la shule. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kwa mtoto inataka idhini ya mzazi au mlezi. Fomu fupi iliyotiwa saini au alama ya kidole, iliyosomewa mzazi asiyesoma, inatosha kuanzia. Daftari lifungiwe kabatini. Majina yasibandikwe kwenye ubao wa matangazo, wala picha ya ukurasa isitumwe kwenye kundi la simu.

Kuhusu wasichana kuna la ziada. Hadi mwaka 2017 kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu, FIBA, hazikuruhusu hijabu katika mechi zake rasmi. Mwaka huo kanuni ilibadilishwa baada ya wachezaji wa Kiislamu wa nchi mbalimbali kudai haki yao, na mlango huo sasa uko wazi kwa msichana wa Takaba kama kwa mwingine yeyote. Lakini msichana anayecheza huwa katika hatari kubwa kuliko mvulana ya kukata kano la ndani ya goti. Tafiti nyingi huiweka mara mbili hadi tatu na zaidi katika michezo ya kuruka na kugeuka. Anayehitaji kufundishwa kutua vizuri kuliko wote ndiye ambaye mara nyingi hukosa wa kumfundisha, kwa kuwa kocha ni mwanamume na upimaji unafanyika uwanjani mbele ya watu. Suluhisho halina ugumu: mwalimu wa kike au muuguzi wa kike apime ndani ya darasa lililofungwa, wasichana wakiwa wamevaa suruali pana, maana goti halionekani chini ya dirac. Yeye pia ndiye wa kuuliza lile ambalo kocha hawezi kuuliza, yaani kama hedhi imekatika kwa miezi mitatu au zaidi. Kwa msichana anayefanya mazoezi mengi na kula kidogo, hiyo huwa dalili kwamba mwili haupati chakula cha kutosha, na mifupa yake inaweza kupata nyufa bila ya kuanguka.

Wavulana na wasichana wanaorefuka haraka, wengi wao kati ya miaka 11 na 15, hupata uvimbe mgumu wenye maumivu chini ya pia ya goti, mahali kano la paja linaposhika mfupa wa muundi. Si uvivu wala si pepo. Huisha kadiri mifupa inavyokomaa, na dawa yake kubwa ni kupunguza idadi ya miruko kwa kipindi. Mtoto wa umri huo aliyeumia kifundo pia asichukuliwe kirahisi kwamba ameteguka tu, kwa kuwa ncha za mifupa yake bado ni laini na zinaweza kuvunjika kabla kano halijalegea.

Baada ya kupima na kuuliza, yabaki mazoezi. Hapa ushahidi ni mzuri kuliko wa vipimo vyote. Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, wanafunzi 765 wa kandanda na mpira wa kikapu waligawanywa makundi mawili, moja likifanya mazoezi ya mizani. Taarifa ya mwaka 2006 ilionyesha kwamba hatari ya kuteguka kifundo katika kundi hilo ilipungua kwa asilimia 38. Huko Kanada, katika utafiti wa mwaka 2007 uliowahusisha wachezaji 920 wa mpira wa kikapu wa sekondari, mazoezi ya namna hiyo yalipunguza majeraha ya ghafla. Wao walitumia vibao vya kuyumba. Mahali pasipo na kibao, mchezaji anaweza kuanza kwa kusimama kwa mguu mmoja sakafuni kwa nusu dakika, kisha juu ya godoro kuukuu lililokunjwa. Akishaweza, arushiane mpira na mwenzake katika hali hiyo. Akishaweza hilo, afumbe macho bila mpira. Kisha aruke na kutua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa na yanatazama mbele juu ya vidole, kimya; kutua kwa kishindo ni kosa. Dakika kumi kabla ya kila zoezi, wachezaji wote, si walioumia peke yao. Kwa kuwa kipimo hakiwezi kusema nani ataumia, njia ya busara ni kumkinga kila mmoja, na aliyewahi kuumia aongezewe.

Na siku mtu akiumia? Aondolewe uwanjani. Mguu uinuliwe, uwekewe kitambaa kilichoroweshwa maji ya baridi ya mtungi ikiwa barafu haipo, ufungwe bila kukaza. Siku mbili za kwanza usikandwe kwa maji moto wala usivutwe. Kuna kanuni iliyotungwa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, inayowasaidia wahudumu wa afya kuamua nani anahitaji picha ya eksirei, na mwalimu anaweza kuijua ili asimchelewesheshe mtoto. Mtoto aende hospitali ikiwa hawezi kupiga hatua nne, hata za kuchechemea. Ikiwa anauma sana ukibonyeza ukingo wa nyuma au ncha ya jicho la kifundo, la ndani au la nje. Au mfupa unaojitokeza katikati ya ukingo wa nje wa mguu, nyuma ya kidole kidogo. Au ule wa juu ya mguu upande wa ndani, mbele ya kifundo. Goti lililosikika likilia "tap" na kuvimba ndani ya saa chache ni la hospitali bila ya kujaribiwa kwanza. Pa kuanzia ni Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Takaba, na kama rufaa inahitajika itaandikwa hapo. Mzazi ambaye hajaisajili familia kwenye Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, afanye hivyo kabla ya msimu, asingoje mtoto awe amelala kitandani.

Kurudi uwanjani kusipimwe kwa kalenda peke yake. Aliyeteguka arudi akiweza kutembea bila kuchechemea, kisha kukimbia mstari ulionyooka, kisha kukata kona, kisha kuruka kwa mguu ulioumia mara kumi na kufika karibu umbali uleule wa mguu mzima. Akisikia maumivu katika hatua yoyote, arudi hatua moja nyuma. Mazoezi ya mizani aendelee nayo hata akishaanza kucheza.

Kila hatua iandikwe kwenye ukurasa wake pamoja na tarehe, mguu ulioumia na siku alizokaa nje. Timu ikisafiri kwenda Elwak, Mandera mjini au Garissa, daftari liwe kwenye mkoba wa mwalimu pamoja na bendeji, si kabatini Takaba. Mwanafunzi akihamia shule nyingine, mzazi apewe nakala ya ukurasa wake, ampe kocha mpya siku ya kwanza ya mazoezi.